Sebule ndefu, milango minne: seti, kochi la L, majlisi au viti vya mmoja mmoja?

Sebule ninayoizungumzia wengi mnaijua hata kama hamjafika kwangu. Ni ya nyumba ya kupanga, ndefu kama behewa. Mlango wa mbele uko kichwani, wa jikoni uko mkiani, wa korido ya vyumbani uko ubavuni, na wa nne ni wa choo cha wageni, ambao fundi ni kama aliukumbuka mwishoni akautoboa palipobaki. Yangu ina urefu wa mita 6.1 na upana wa mita 2.75. Siku dalali aliponionyesha ilikuwa tupu, na chumba kitupu hakikosi ukubwa. Nilikuja kukijua siku kirikuu iliposhusha makochi.

Katika nyumba hiyohiyo nimeishi na seti, nikaiuza, nikaishi na kochi la L, nikaliuza nalo, na sasa nina viti na benchi. Majlisi, yaani magodoro ya kukalia yanayotandikwa chini kando ya kuta, sijaiweka kwangu, ila nimeikalia na kuilalia miaka mingi kwa shangazi yangu Unguja. Kwa hiyo hapa siuzi kitu. Nitaeleza kila mtindo ulivyo ndani ya chumba kisichotaka kupangika, nawe utajua kipi kinafanana na maisha yako.

Cha kupima kabla ya kwenda kwa fundi

Kwanza ni njia. Sebule yenye milango mingi ni korido kwanza, sebule baadaye, na ukilikataa hilo utapigana nayo kila siku. Njia ya watu kupita inataka sentimita 80 hadi 90. Ukibana sana usishuke chini ya 75, maana kuna mtu atapita hapo na sinia la wali mikononi. Kati ya ukingo wa kochi na meza acha 40 hadi 45, magoti yapate pa kukaa. Kama sakafu yako ina tailizi, huhitaji hata futi kamba: pima moja, kisha hesabu. Chukua chaki, chora njia zote za kila siku kutoka mlango hadi mlango, kisha chora kochi unalolitaka kwa vipimo vyake. Iache michoro hiyo siku mbili. Watoto wakikanyaga kochi la chaki kila wakienda jikoni, watalikwaa na la mbao.

Pili, kuta. Kwangu milango yote minne imeegemea upande mmoja: wa korido na wa choo iko kwenye ukuta mmoja mrefu, na wa mbele na wa jikoni iko kwenye ncha, karibu na ukuta huo, kwa hiyo njia nayo inapita kando ya ukuta huo. Una kipande kizuri cha mita 3.2 kisicho na kitu, na kila mgeni husema, "Si uweke kochi hapa?" Hapo ndipo watu wanapita! Makochi hayana budi kwenda ukuta wa pili, ule wenye dirisha, na dirisha lenyewe linaanzia sentimita 60 kutoka sakafuni. Soketi pekee ya umeme nayo iko chini ya dirisha hilohilo, yaani nyuma ya kochi, ilhali runinga itakaa ng'ambo.

Tatu, watu: wa siku ya kawaida, na wa siku ya shughuli. Hizo ni hesabu mbili tofauti. Humo humo weka wazee na magoti yao. Nne, kuhama, maana mpangaji hanunui kwa ajili ya chumba hiki peke yake. Tano, usafi, nikimaanisha vumbi, joto na unyevunyevu wa pwani. Mwisho, mfuko. Bei sitaitaja, kwa sababu mbao na sponji hupanda na kushuka na kila mtaa una yake, ila nitasema pesa inakwenda wapi.

Seti ya makochi

Ni ile ya watu saba: la watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja. Ndiyo sebule ambayo wengi wetu tumekulia, pamoja na vile vitambaa vya kurosheti ambavyo hukuruhusiwa kuvivuruga.

Njia. Hapa ndipo seti inaposhindwa na chumba chembamba. Kochi la kawaida lina kina cha sentimita 90 hivi. Ukiyatazamanisha mawili, umeshakula mita 1.8 kati ya 2.75, na zinabaki 95. Hizo ni za njia au za meza, si za vyote viwili. Kilichosaidia kwangu ni kuivunja seti. La watatu lilikwenda chini ya dirisha, la mtu mmoja likakaa pembeni yake, na mengine yakahamia chumbani, ambako la wawili liligeuka kabati la nguo zisizopigwa pasi. Egemeo la kochi lenye kimo cha sentimita 85 lilikula robo mita ya dirisha, na upepo wa jioni ukapungua.

Watu. Saba ni za kwenye karatasi. Mtu wa katikati kwenye la watatu akiwa mgeni wa heshima, wengine wawili watajibana pembeni. Lakini kwa wazee seti inafaa sana, kwa sababu kila kochi lina mikono miwili ya kujiinulia.

Kuhama. Nzuri. Kila kipande kinapita mlangoni peke yake, na nyumba ijayo unaweza kukipanga upya. Hata kuuza ni rahisi, kwani anayetaka la wawili tu yupo.

Usafi. Chagua yenye miguu inayoruhusu ufagio na deki kupita. Yaliyokaa chini kabisa hufuga vumbi na mende. Leza ya bandia (ngozi ya plastiki) inafutika kwa kitambaa, ila joto na unyevu wa pwani huibandua baada ya miaka michache, ikaanza kumwaga magamba meusi kwenye nguo za wageni. Kitambaa huvumilia zaidi.

Mfuko. Unalipia vipande vinne hata kama chumba kinakubali viwili. Fundi ukimwambia akutengenezee la watatu na moja tu la mtu mmoja, atatengeneza, na bei itashuka. Wengi hatuulizi.

Inamfaa anayejua kwamba nyumba ijayo itakuwa na sebule ya mraba, mwenye wazazi wanaokuja mara kwa mara, na asiyeona tabu kuitenganisha familia ya makochi.

Kochi la L

Njia. Watu husema kochi la L ni la vyumba vikubwa. Si kweli, ila linataka chumba kilichopimwa. La kawaida lina mkono mrefu wa mita 2.6 hivi na mfupi wa mita 1.7. Ukilaza mkono mrefu kwenye ukuta wa dirisha na mfupi ukakatiza chumba, kwangu inabaki mita 1.05 ya kupita, ambayo ni njia nzuri kabisa. Tena mkono mfupi unafanya kazi ya ukuta: unakata behewa vipande viwili, huku mazungumzo, kule meza ya chakula. Mtu akiingia hauoni ule msururu mrefu hadi mlango wa jikoni. Hakuna mtindo mwingine unaokigawa chumba hivi bila pazia.

Yote hayo ni ikiwa mkono mfupi umekaa upande unaostahili. Fundi aliniuliza kwa simu, "Kona iwe kulia au kushoto?" Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikatazama chumba, nikasema kulia. Yeye alielewa kulia kwa mtu aliyekaa juu ya kochi. Lilipofika, mkono ulitua mkabala na mlango wa korido ya vyumbani, na mlango ule hufungukia sebuleni. Ubao wake una sentimita 90, njia ina 105. Kwa miezi minane kila aliyetoka chumbani alitoka ubavu ubavu. Fundi hakuwa na kosa, nami sikuwa na pesa ya kurekebisha. Kwa hiyo usiseme kulia wala kushoto. Mchoree, andika mlango uko wapi, piga picha ya mchoro umtumie, na umwombe akusomee vipimo kwa mdomo wake. Iwe ni kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au wale wa kando ya Ngong Road, Nairobi, wote wamezoea kazi ya vipimo vya mteja. Tatizo ni mteja asiye navyo.

Watu. Watano wanakaa vizuri, na kona yenyewe ni ya paka. Aliyekaa konani hana pa kuweka miguu. Mgeni wa usiku, hata hivyo, anapata kitanda kamili. Kwa familia inayotazama runinga imelala ubavu, hakuna kinachoshinda kochi hili. Kwa shughuli, hapana. Ukipata msiba na mikeka inatakiwa kutandikwa, wanaume wanne watalitoa nje wakihema, na likinyeshewa huko ndio basi.

Kuhama. Hakikisha linafunguka vipande viwili au vitatu. Mlango wa sentimita 90 ukitoa fremu unabaki na kama 80 za kupitisha kitu. Na hata likipita, L ya kona ya kulia haigeuki kuwa ya kushoto kwa sababu umehamia Kimara. Yapo yenye stuli kubwa inayohamishika badala ya mkono mfupi wa kudumu. Kwa mpangaji hayo ndiyo ya kuulizia.

Usafi. Kona haifikiki kwa ufagio. Mito iwe na foronya za zipu, uzifue.

Mfuko. Kochi moja, sponji nyingi. Hapa usibane sponji: laini hubonyea mapema, hasa mahali pa mwenye nyumba, na shimo hilo haliondoki kwa kubadilisha kitambaa.

Linamfaa mwenye nyumba yake, au mpangaji aliyetulia. Linamfaa anayeishi na watoto na runinga, na anayetaka chumba kimoja kifanye kazi ya viwili.

Majlisi

Kabla ya kusema sebule nyembamba ni balaa, tukumbuke watu wa pwani waliishi ndani ya wembamba karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Vitu havikujazwa katikati. Watu walikaa kando ya kuta, na vyombo viliwekwa ndani ya ukuta wenyewe, kwenye zidaka. Chumba changu cha mita 2.75 kingemshangaza mjenzi wa Lamu kwa kitu kimoja tu: kwamba ninakilalamikia.

Njia. Godoro la majlisi lina upana wa sentimita 70 hivi. Ukitandika kuta zote mbili unatumia mita 1.4, na katikati inabaki mita 1.35, ambamo sinia linakaa na mtu anapita. Tena majlisi hukatwa kwa kipimo. Kile kipande cha mita 1.1 kati ya mlango wa korido na mlango wa choo, ambacho hakipokei kochi lolote, kinapokea godoro la mita 1.1. Na egemeo lake lina kimo cha sentimita 40 au 45, kwa hiyo linaingia chini ya dirisha langu bila kuziba hata kioo. Kwa chumba kilichokatwakatwa na milango, sijaona kitu kinachokifuata chumba namna hii.

Watu. Kwa shangazi siku ya Idi nimehesabu watu kumi na wanne kwenye chumba kisichozidi changu, na bado kikombe cha kahawa kilizunguka. Hitma, maulidi, msiba: hutoi kitu nje, unasogeza mito tu. Katika nchi za Ghuba majlisi ni zaidi ya matandiko, ni desturi ya kukaa na kupokeana. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2015 kama urithi wa Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar. Lakini magoti! Shangazi mwenyewe, alipopita miaka sabini, aliwekewa kiti chake cha mbao pembeni, na kuanzia hapo akawa anatuongoza toka juu. Mjamzito naye atakulaani kimoyomoyo. Yapo majlisi yaliyoinuliwa juu ya fremu ya sentimita 20 au 25. Yanasaidia, ila hayamalizi tatizo.

Kuhama. Unakunja, unafunga kamba, umemaliza. Vipande havitalingana na kuta mpya, ila kuongeza kimoja au kupunguza ni kazi ndogo.

Usafi. Hapa kuna kazi. Sponji inayogusa sakafu na ukuta wenye unyevu huota ukungu kwa nyuma, na hutauona hadi uunuse. Kila baada ya wiki mbili hivi, magodoro yatoke juani. Viatu viachwe mlangoni bila mjadala. Na kama mlango wako wa mbele unafungukia barabara ya vumbi, jua umeketi kwenye kimo ambacho vumbi hutua.

Mfuko. Hakuna mbao, kwa hiyo pesa yote ni sponji, kitambaa na zulia la katikati. Kwa idadi ya watu wanaokaa, mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote nne.

Inafaa nyumba ya wageni wengi na shughuli nyingi, na watu ambao kukaa chini kwao si mtihani.

Viti vya mmoja mmoja na benchi

Huu ndio mtindo ninaoishi nao sasa, kwa hiyo soma kwa tahadhari. Ni benchi ndefu ya mninga chini ya dirisha, yenye godoro jembamba, na viti vinne vya mbao vyenye mikono na mito, ambavyo havina mahali pa kudumu.

Njia. Benchi ina kina cha sentimita 45, nusu ya kochi. Kiti kina kama 70. Hata vikitazamana, mita 1.6 inabaki. Uzuri hasa ni kwamba viti vinahama na saa: asubuhi watoto wanapokimbilia shule vyote vimesukumwa ukutani, jioni viwili vinakwenda barazani, usiku vinarudi.

Watu. Saba wanaenea na kila mtu na nafasi yake. Wazee wanapenda kiti chenye mikono. Lakini hakuna pa kulala. Jumapili mchana hilo linauma, na mgeni wa usiku anatandikiwa chini. Kasoro ya pili: ukivipanga kwa mstari, sebule inageuka zahanati. Mara ya kwanza jirani aliingia akauliza kama namba yake imeshaitwa. Dawa ni kuvikusanya kuzunguka stuli ndogo na zulia, si kuvipanga ukutani.

Kuhama. Hakuna rahisi zaidi.

Usafi. Vizuri sana, mbao inafutwa, mito inafuliwa.

Mfuko. Unanunua kimoja kimoja kadiri unavyopata, na mbao ngumu ikilegea inagongwa, haitupwi. Bei ya kiti kizuri cha mninga kimojakimoja inatisha ukilinganisha na kochi la mbao laini iliyofichwa chini ya kitambaa. Fundi akikuwekea mfuniko kwenye benchi, ndani panakaa blanketi na mabegi ya shule.

Vinamfaa mpangaji asiyejua mwaka kesho yuko wapi, nyumba yenye watu wachache wanaosoma na kuzungumza kuliko kulala mbele ya runinga, na anayejenga sebule kwa mshahara wa kila mwezi.

Runinga, kwa kifupi

Kwa mitindo yote minne, kwangu haina budi kutazamana na dirisha, juu ya njia. Stendi ya sentimita 40 pamoja na kochi la 90 zinaacha mita 1.45. Toa njia ya 80, inabaki 65 ya miguu na meza. Ndiyo maana meza kubwa ya kioo haina nafasi humu, stuli mbili zinatosha. Kuitundika ukutani kwa braketi kunarudisha zile 40. Waya upitishwe ndani ya tranki, ule mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya, pembezoni mwa ukuta, usikatize njia chini ya zulia.

Kwa hali yako

Kama una watoto wadogo na hutarajii kuhama miaka mitatu ijayo, chora kochi la L kwa chaki kwanza, halafu uangalie mlango gani unafungukia wapi. Ikiwa hata kona moja ya mchoro inagusa mzunguko wa mlango, rudi kwenye kochi moja la watatu na stuli kubwa.

Kama nyumba yako ndiyo ya ukoo, ile ambayo kila shughuli inaishia kwako, majlisi itakuokolea mbio nyingi, mradi uongeze viti viwili vyenye mikono kwa wazee. Ukiishi bondeni, kwenye kuta zinazolia maji wakati wa masika, iinue juu ya fremu au uiache kabisa.

Kama unaishi na mzazi mwenye magoti mabovu, anza na kiti chake. Mtafutie kimo cha sentimita 45 au zaidi kidogo, kiwe karibu na mlango wa vyumbani, kisha panga vingine kumzunguka.

Kama tayari una seti na pesa ya kubadilisha haipo, usiiuze kwa hasira. Ivunje kama nilivyofanya, peleka nusu chumbani au kwa ndugu, na uishi mwezi mmoja na nusu iliyobaki.

Na kama mkataba wako ni wa miezi sita, au mwenye nyumba ameanza kupita na mtu wa kuja "kuangalia angalia", nunua viti viwili tu kwa sasa, na mkeka.